Mshtuko, Vilio na Sumu: Istilahi za Ripoti ya Uchunguzi wa Maiti Mbele ya Jamaa wa Marehemu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi istilahi za ripoti ya uchunguzi wa maiti zinavyoeleweka na jamaa wa marehemu pindi zinapofasiriwa kwa Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba istilahi ngeni, ambazo ndizo hulalamikiwa zaidi, hazipotoshi kwa kiasi kile cha maneno mazoefu yaliyopewa kazi ya istilahi pasipo kuvuliwa maana zao za awali. Maneno yanayoshughulikiwa hasa ni mshtuko, kuvilia na sumu. Mengine yanaguswa kwa ufupi. Mfano mkuu umetokana na ripoti ambayo mwandishi mwenyewe aliifasiri, na kuifasiri vibaya.

1.0 Utangulizi

Sehemu kubwa ya mjadala wa istilahi za Kiswahili imejengwa juu ya mahitaji ya mwanafunzi. Tangu enzi za Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930, hadi kuundwa kwa BAKITA kwa sheria ya mwaka 1967, na baadaye katika kazi za TUKI zilizozaa kamusi za taaluma mbalimbali, msomaji aliyefikiriwa ni yule asomaye ili ajue. Ana kitabu, ana mwalimu, na ana muda. Akikosea maana leo, atasahihishwa kesho, na hasara haizidi alama chache za mtihani.

Yupo msomaji mwingine ambaye hatumtaji sana. Huyu amekabidhiwa karatasi mbili au tatu zenye mhuri, zinazomhusu mtu aliyekula naye juzi. Hakuzitafuta kwa sababu ya elimu. Amezipata kwa sababu kifo kilikuwa cha ghafla, au cha mashaka, na mamlaka zikaamuru mwili uchunguzwe. Anazisoma akiwa na swali moja ambalo karatasi hizo hazikuandikwa ili kulijibu: ilikuwaje? Huyu asipoelewa, hapotezi alama. Anaweza kupoteza ndugu, jirani au mshirika wa biashara, kwa kuwa maana aliyoipata ndiyo atakayoitendea kazi.

Nchini Tanzania na Kenya ripoti za aina hii kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli kwamba hali ya kisheria ya Kiswahili imeimarika. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitaja kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Tanzania, kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 2021, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hata hivyo, uamuzi wa Bunge haubadilishi papo hapo lugha ambamo daktari alifundishwa kuona. Kwa hiyo kazi ya kufasiri humwangukia yeyote katika ukoo anayesemekana kuwa "amesoma". Awe amesomea uhasibu, ualimu wa jiografia au, kama ilivyokuwa katika tukio tutakalolieleza, isimu ya Kiswahili, hilo haliulizwi.

2.0 Ripoti ilivyojengwa

Neno otopsia kwa asili ni la Kiyunani, na maana yake ni kujionea kwa macho yako mwenyewe. Asili hiyo inaeleza vema umbo la ripoti. Mwanapatholojia anaandika alichokiona, kwa mfuatano ule ule alivyokiona: kwanza mwili kwa nje, kisha viungo vya ndani kimoja baada ya kingine pamoja na uzito wake, kisha majibu ya darubini na ya maabara yakiwapo, na mwisho kabisa sababu ya kifo. Jamaa husoma kinyume. Hukimbilia ukurasa wa mwisho, hukuta mistari miwili wasiyoielewa, ndipo hurudi nyuma kutafuta maelezo. Na huko nyuma hukutana na vipimo vya viungo.

Hapa Kiswahili kina bahati na mkosi kwa pamoja. Bahati ni kwamba majina ya viungo tunayo, tena ya siku nyingi: ini, figo, bandama, nyongo, kongosho, utumbo. Mkosi ni kwamba mengi kati ya hayo tunayasikia zaidi buchani na jikoni kuliko hospitalini. Mfasiri akiandika "maini yalikuwa na uzito wa gramu 1,600", msomaji huona kitu ambacho hangependa kukiona. Umoja, "ini", unamwondoa marehemu kwenye mizani ya muuza nyama. Hili ni jambo la kisarufi lililo dogo mno, lakini tumeona kwamba linapunguza uchungu wa kusoma.

Upatanisho wa kisarufi nao una uzito wake. Maiti huweza kufuata upatanisho wa viumbe hai au wa vitu: maiti alifunguliwa, maiti ilifunguliwa. Marehemu hana hiari hiyo. Daima ni yeye. Mwili nao daima ni kitu. Ripoti ya Kiingereza hutumia neno la mwili karibu kote, na mfasiri mwaminifu angesema "mwili ulifunguliwa". Kwa maoni yetu huo ndio uteuzi bora, kwani unatenganisha kisu na mtu. Aliyepasuliwa ni mwili. Marehemu alikwisha kuondoka. Pale tu ripoti inaposimulia yaliyotokea kabla ya kifo ndipo inapofaa kusema marehemu: marehemu alilalamika, marehemu alikutwa.

Tamko jingine linalowaumiza wengi ni lile la Kiingereza ambalo kwa tafsiri sisisi ni "isiyo ya kustaajabisha". Daktari analitumia kwa kiungo kisichoonyesha ugonjwa wala jeraha. Mama mmoja alisomewa kwamba moyo wa mwanawe haukuwa na la kustaajabisha, akauliza ni nani huyo aliyethubutu kuandika hivyo. Tafsiri inayotosha ni "hakukuonekana kasoro". Tunasema hakukuonekana, wala si hakukuwa na kasoro, kwa sababu ripoti inazungumzia mipaka ya jicho la mchunguzi.

Kuhusu sababu ya kifo, mpangilio unafuata fomu ya kimataifa ya Shirika la Afya Duniani. Fomu hiyo ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni mnyororo: mstari wa juu hutaja hali iliyoleta kifo moja kwa moja, na kila mstari wa chini hutaja kilichosababisha ule wa juu yake, hadi kufikia chanzo. Sehemu ya pili hutaja maradhi mengine yaliyochangia lakini yasiyo katika mnyororo. Msomaji asiyejua hili huichukulia mistari hiyo kuwa orodha ya magonjwa mbalimbali, akadhani marehemu alikuwa na maradhi manne na hakumwambia mtu. Kiswahili kinaweza kuuonyesha mnyororo huo waziwazi kwa kutofautisha sababu ya karibu na chanzo, na kwa kuweka kiunganishi "kutokana na" mwanzoni mwa kila mstari. Inashangaza kwamba kiunganishi hicho ndicho aghalabu huachwa, eti kwa kuwa si istilahi.

3.0 Neno geni na neno zoefu

Utaratibu wa kuunda istilahi uliokubalika kwa miaka mingi unatutaka tuanze na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho lugha za kigeni. Utaratibu huu umetupa mafanikio ambayo hakuna haja ya kuyapuuza. UKIMWI ni akronimu iliyoundwa kwa maneno ya nyumbani, na leo inaeleweka hata na mtoto. Lakini tukumbuke kwamba UKIMWI haikueleweka kwa nguvu ya umbo lake tu. Redio, mabango na shule ziliijaza maana kwa miaka mingi. Istilahi za ripoti ya maiti hazina kampeni. Zinasomwa mara moja, sebuleni, mbele ya watu waliofiwa.

Katika mazingira hayo uwazi wa kimaana unageuka kuwa mtego. Msomaji akikutana na emboli anajua kwamba hajui. Atauliza, au atanyamaza, lakini hatajenga kisa juu ya neno hilo. Akikutana na mshtuko haulizi, kwa sababu mshtuko anaujua tangu utotoni. Neno geni humsimamisha mlangoni. Neno zoefu humkaribisha ndani na kumketisha kwenye maana isiyokusudiwa.

Yafaa kukumbuka kwamba hata istilahi tunazoziita za kisayansi zilianza kuwa maneno ya mitaani. Emboli imetokana na neno la Kiyunani la kizibo au kabari, na ni Rudolf Virchow wa Ujerumani, katikati ya karne ya 19, aliyeipa maana yake ya kitiba. Infakshoni imetokana na kitenzi cha Kilatini cha kushindilia. Tofauti ni kwamba Kiyunani cha kale na Kilatini havina tena mtoto anayelia wala mke anayegombana na jirani kwa lugha hizo. Maneno hayo yamenyamazishwa na wakati, na ndiyo maana yanaweza kubeba maana moja tu. Kiswahili ki hai, na hiyo ndiyo taabu yake katika kazi hii.

4.0 Mshtuko

Naomba radhi kwa kutumia nafsi ya kwanza katika sehemu hii, kwani aliyekosea ni mimi.

Mjomba wangu, mtu wa miaka 52, alirejea Dar es Salaam kwa basi kutoka Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 1,100. Siku iliyofuata alilalamika kwamba mguu wa kushoto unamuuma, ukavimba kidogo. Siku ya nne usiku alipigiwa simu na mshirika wake wa biashara juu ya deni. Sauti zilipanda, majirani walisikia. Alfajiri alianguka mlangoni akihema kwa shida, na hakufika hospitali. Mwili ulichunguzwa, ukarudishwa kwetu, ukazikwa. Majuma kadhaa baadaye ripoti ilifika mikononi mwangu, kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa lugha".

Hitimisho la ripoti lilitaja shoku iliyotokana na emboli kubwa ya mapafu, nayo ikitokana na thrombosi ya vena za ndani za mguu wa kushoto. Kivumishi kilichoambatana na emboli hiyo kilikuwa kile ambacho kamusi huwa zinakifasiri kuwa "kali". Niliandika kwa mkono wangu: "Alikufa kwa mshtuko mkali baada ya donge kubwa la damu kuingia mapafuni." Kila neno katika sentensi hiyo lingeweza kutetewa kwa kamusi. Mguu niliuacha, nikiona kwamba ni jambo la kando.

Sentensi ilisomwa mara moja tu, na kikao kizima kikaelewa. Mshtuko mkali: ni ile simu. Mtu alimshtua, damu ikaganda, ikampanda mapafuni. Kisa kilikuwa na mwanzo, kiini na mhalifu. Mshirika wake, aliyekuwa amebeba jeneza, hakualikwa kwenye arobaini.

Tuchambue kosa lenyewe. Katika Kiswahili cha leo neno mshtuko lina kazi tatu angalau katika eneo hili moja. Ya kwanza ni ile ya asili, hali ya kushtuka kwa hofu au habari mbaya. Ya pili ni mshtuko wa moyo, tamko lililoenea katika magazeti na redio kwa maana ya sehemu ya msuli wa moyo kufa kwa kukosa damu baada ya ateri yake kuziba. Ya tatu ni shoku ya kitiba: hali ambamo mzunguko wa damu umedhoofika hata viungo havipati damu ya kutosha kuviendesha. Mtu anaweza kuingia katika shoku kwa kuvuja damu, kwa maambukizi yaliyoenea mwilini, au, kama mjomba, kwa njia kuu ya damu kuzibwa. Katika maana hii ya tatu hakuna chochote kilichoshtuka. Kiingereza nacho kina utata huo huo. Sisi tulipofanya tafsiri sisisi tuliuagiza utata pamoja na neno.

Kwa maana ya pili hatudhani kwamba inawezekana kuliondoa neno mshtuko, limekwisha kuzama. Ila katika ripoti ingefaa kuandika kinachoonekana: "sehemu ya msuli wa moyo imekufa kwa kukosa damu." Kwa maana ya tatu tunapendekeza "mporomoko wa mzunguko wa damu". Ni tamko refu, na wataalamu wa istilahi hawapendi urefu. Lakini kuporomoka kunaeleza kitu kinachoanguka chenyewe kwa kukosa nguzo, na hakumtafuti aliyekisukuma.

Na "kali" je? Katika tiba kivumishi kinachofasiriwa hivyo hakielezi ukubwa wa maumivu wala hatari ya ugonjwa, bali muda: ni jambo lililoanza karibuni, saa au siku chache zilizopita. Mwenzake ni "sugu", kwa ugonjwa uliodumu. Jozi hii ya kali na sugu imetumika sana katika vitabu vya afya, na sehemu zote mbili zina kasoro. Sugu, kwa mzungumzaji wa kawaida, ni kitu kilichokataa kubadilika: mkosaji sugu, mdaiwa sugu. Siku hizi tena tunazungumzia usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Jamaa akisoma kwamba marehemu alikuwa na ugonjwa sugu wa figo huweza kuelewa kwamba dawa zilishindwa, au kwamba mgonjwa aliziacha. Ripoti haisemi lolote kati ya hayo. Inasema muda tu. "Ya karibuni" na "ya muda mrefu" zinatosha, na hazimshtaki mtu.

5.0 Vilio

Waliouosha mwili wa mjomba waliona mabaka ya rangi ya zambarau mgongoni na nyuma ya mapaja, na katikati ya mabaka hayo sehemu zilizobaki nyeupe mabegani na makalioni. Mmoja wao aliwanong'oneza wenzake kwamba damu imevilia, na kwamba mtu huyu alipigwa. Ripoti ilipofika nilikuta aya nzima kuhusu mabaka hayo, na nikaifasiri, bila ya kujua nilichokuwa nakithibitisha: "Damu imevilia sehemu ya nyuma ya mwili."

Kuvilia ni kitenzi kizuri cha Kiswahili, na vilio la damu ni tamko la zamani kwa alama inayobaki ngozini baada ya kipigo au kujigonga. (Kwamba umbo hilo hilo ni wingi wa kilio ni sadfa ya lugha tu, ingawa msibani sadfa hiyo haipiti bila ya kusikika.) Tatizo ni kwamba patholojia inatenganisha mambo mawili ambayo kitenzi hiki huyaunganisha. Katika jambo la kwanza, mtu aliye hai amegongwa, mishipa midogo imepasuka, na damu imetoka nje ya mishipa ikasambaa katika tishu. Katika jambo la pili, moyo umesimama, hakuna tena kinachoisukuma damu, nayo kwa uzito wake inashuka ndani ya mishipa hadi sehemu za chini za mwili. Aliyelala chali atakuwa na mabaka mgongoni. Pale ambapo mwili umegusa kitanda au sakafu, mishipa imebanwa, damu haiingii, na ngozi hubaki nyeupe. Weupe ule wa mabegani ulikuwa ndiyo alama ya kwamba alilala chali baada ya kufa.

Mabaka haya huanza kuonekana kati ya nusu saa na saa 2 hivi baada ya kifo, na baada ya saa 8 hadi 12 huwa yamekaa, hayahami tena hata mwili ukigeuzwa. Mwanapatholojia anapokuwa na shaka huikata ngozi: damu ya jeraha imeingia katika tishu na haioshwi na maji, ilhali ile iliyoshuka imo ndani ya mishipa na hutiririka ikatoka. Kwa hiyo aya niliyoifasiri ilikuwa imeandikwa ili kuonyesha kwamba mabaka hayo yalikuwa ya kifo chenyewe. Tafsiri yangu ilisema kinyume chake, kwa kutumia neno ambalo mwalimu yeyote wa Kiswahili angelisifu.

Lugha ina kitenzi kingine kilicho tayari. Maji ya mvua yakikosa pa kwenda hutuama. Hayakupigwa wala kumwagwa na mtu. Yametafuta bonde na kutulia. "Mtuamo wa damu baada ya kifo" ni istilahi inayoweza kusimama kando ya "vilio la damu" bila ya kugombana nayo, na kwa wale walioona dimbwi baada ya masika haihitaji maelezo marefu.

Donge la damu linahitaji uangalifu wa namna hiyo hiyo. Damu huganda pia baada ya kifo, na mchunguzi hukuta madonge ndani ya moyo na mishipa ya watu waliokufa kwa sababu nyingine kabisa. Madonge hayo ni laini, yanateleza, na mara nyingine sehemu yake ya juu ina rangi ya njano kama mafuta ya kuku. Thrombasi, lililojijenga mtu akiwa hai, ni kavu zaidi, lina matabaka, na aghalabu limeshika ukuta wa mshipa. Lile lililokutwa kwa mjomba lilikuwa limekaa juu ya njia panda ya ateri ya mapafu kama tandiko juu ya mgongo wa punda. Ndivyo madaktari wanavyoliita kwa lugha yao, na tashbihi hiyo inahamia Kiswahili bila ya kupoteza kitu. Kwa kuwa aina hizo mbili za donge zinaweza kutajwa katika ukurasa mmoja, mfasiri akiziita zote donge la damu atamfanya msomaji aone vifo viwili. Hapa tungeshauri neno geni libaki: thrombasi kwa lile la uhai, na donge kwa lile la baada ya kifo.

6.0 Sumu na mengineyo

Sampuli za damu, mkojo na vipande vya viungo zinapopelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, familia huambiwa kwamba zimepelekwa "kupimwa sumu". Tamko hilo ni sahihi kikamusi. Lakini katika lugha ya msibani, kupima sumu kunadokeza kwamba sumu inashukiwa. Na anayeshukiwa kutia sumu daima ni mtu wa ndani, aliyepika au aliyekaribisha chai. Ilhali kipimo hiki katika vifo vingi vya ghafla ni sehemu ya kawaida ya kazi, na huangalia pia pombe, dawa za hospitali na viwango vyake. "Kipimo cha kemikali mwilini" kingemwokoa mpishi. Na majibu yanaporejea yakiwa "hasi" mambo hayajaisha: katika mazungumzo ya kila siku hasi ni ubaya na chanya ni uzuri, kwa hiyo majibu hasi ya sumu yamewahi kueleweka kuwa habari mbaya. Andika "haikuonekana".

"Maji katika mapafu", kwa edema, huwafanya watu waulize alizama wapi. Maji hayo hayakuingia kwa njia ya pua. Yamechuja kutoka katika mishipa ya damu, mara nyingi kwa sababu moyo ulikuwa umedhoofika. "Kiharusi" kinaeleweka na wote, ila kwa wazungumzaji wengi bado kimefungamana na pepo, na ripoti inayotaja kuvuja kwa damu ndani ya ubongo inafaa iseme hivyo hivyo, kuvuja kwa damu ndani ya ubongo, kabla ya kutaja jina la ugonjwa. Moyo wa gramu 480 hauna maana kwa mtu asiyejua kwamba wa mwanamume mtu mzima aghalabu huwa gramu 300 hadi 350; kiwango cha kulinganishia ni sehemu ya tafsiri, hata kama hakimo katika matini asilia.

Tusisahau "kifo cha kawaida". Katika uainishaji wa namna za vifo, yaani maradhi, ajali, kujiua, kuuawa, na isiyobainika, aina ya kwanza kwa Kiingereza inaitwa ya asili, na kwetu imekuwa ya kawaida. Hakuna mjane anayekubali kwamba kifo cha mumewe kilikuwa cha kawaida. Linalokusudiwa ni kwamba hakikuletwa na mkono wa mtu wala na ajali. "Kifo cha maradhi" kinalisema hilo, na hakimwambii mtu asilie.

7.0 Tafsiri ya pili

Baada ya arobaini nilipeleka ripoti kwa daktari mmoja ninayefahamiana naye. Alichukua penseli akachora mguu, vena, moyo na pafu nyuma ya bahasha, na kwa muda wa nusu saa hakutumia neno mshtuko hata mara moja. Nilirudi nyumbani nikaandika upya:

"Mwili haukuwa na alama za kupigwa. Rangi iliyoonekana mgongoni ni mtuamo wa damu baada ya kifo. Kifo kilitokana na mporomoko wa mzunguko wa damu, kutokana na thrombasi kubwa kuziba ghafla ateri ya mapafu, kutokana na thrombasi hiyo kujijenga kwanza katika vena za ndani za mguu wa kushoto na kisha kung'oka. Hali hii inawiana na kukaa muda mrefu bila ya kuutumia mguu."

Tafsiri hii ina maneno zaidi ya mara nne ya ile ya kwanza, na ina neno moja geni ambalo lilibidi nilieleze kwa kutumia bahasha ile. Niliisoma mbele ya wazee. Jina la mshirika wake halikutajwa, lakini siku iliyofuata mmoja wa wazee alimpigia simu.

Aliyeuliza swali alikuwa mkaza mjomba. Katika tafsiri ya kwanza mguu haukuwamo. Sasa ulikuwamo, na yeye ndiye aliyeukanda mguu ule kwa mafuta ya moto, usiku mbili mfululizo, kwa kuwa mumewe alimwomba. Alisubiri watu watoke.

"Mwanangu," alisema, "hapo ulipoandika kung'oka. Ni nani aliyeling'oa?"

Nilirudia matini ya Kiingereza mbele yake, ingawa hakuijua lugha hiyo, ili aone kwamba natazama. Ripoti ilitumia kitenzi kisicho na mtenda. Mimi ndiye niliyechagua kung'oka, na kung'oka katika Kiswahili husikika karibu mno na kung'olewa. Pia palikuwa na lile tamko "inawiana na", ambalo nilikuwa karibu kuliandika "ilisababishwa na" kwa sababu linasomeka vizuri zaidi. Daktari hakusema kwamba safari ndiyo iliyoua. Alisema kwamba alichokiona kinakubaliana na safari. Kuhusu kukandwa hakuandika neno lolote.

Nilimwambia: "Ripoti haisemi kwamba kuna aliyeling'oa." Alitaka niiandike sentensi hiyo chini ya zile nyingine, kwa wino ule ule. Nilifuta kung'oka nikaweka kuachana na ukuta wa mshipa, kisha nikaiandika.